Gratien, Daftari Lako Tulilisoma Nusu

Mwaka umetimia, Gratien, tangu pikipiki ikuangushe barabara ya Sitalike, ukarudi kwetu Ilembo umebebwa. Mama amesema tusiandike maneno matamu matupu. Tuandike na aibu yetu.

Ulikuwa fundi simu mpole mno. Mtu akija na kisimu chake cha tochi kimeingia maji, unakikausha, unampigia na mwanawe, halafu unamwambia, "Nenda tu, mama." Chai yako ilikuwa na tangawizi kali mpaka tunakohoa, wewe unacheka.

Jumapili baada ya misa ulikaa na rafiki zako, Danford na Lidia, mnarusha dadu na kusimulia safari za kubuni, kila mtu na mhusika wake. Mchezo ulikuja na mashujaa wa Kizungu wenye mavazi ya chuma. Ukasema hao umewachoka. Ukasoma ngano za Japani, China na Korea, ukawatengeneza upya. Mwizi wa mchezo akawa mbweha wa mikia tisa, kila mkia uhai mmoja. Padri akawa mama wa Kikorea anayepiga ngoma na kusema na waliokufa. Mpiganaji akawa kiumbe wa mtoni mwenye maji utosini: ukimwinamia kwa heshima, naye anainama, maji yanamwagika, ukali wote unamwisha. Halafu ukawapa majina yetu. Huyo mkali wa mtoni ukamwita Callixte; mbweha ukamchukua wewe.

Mimi kaka yako, Callixte, nilikuwa kitandani na taifodi nilipolikuta daftari. "Mama: anasema na wafu." "Callixte: uhai 9." Chini yake 6. Chini yake 3. Jamani, nilipiga kelele majirani wakajaa! Nikasema mdogo wangu ananihesabia siku. Jumuiya ikaja kusali, na mbele ya watu wote nikalitia daftari motoni. Ulisema, "Kaka, funua ukurasa wa pili kwanza." Nikakwambia nyamaza. Ukaenda kuwaletea wageni maji ya kunywa.

Miezi mitatu baadaye ukafa, na hakuna aliyekuwa amekuomba radhi.

Tulipomaliza matanga, Danford alikuja na picha za daftari kwenye simu yake. Ukurasa wa pili dada yako Capitoline alitusomea kwa sauti: "Kaka amebaki na 3. Mbweha wangu anakata mikia yote tisa, anampa. Kaka: 12. Mbweha: 0. Danford anasema nimecheza vibaya. Sijali."

Majirani tumewapitia nyumba kwa nyumba, tukawaambia tulikusingizia. Wengine walituangalia tu. Ni haki yao.

Jumamosi baada ya misa tutakuja kaburini, na Danford na Lidia watakuja na dadu zako. Mimi nitainama, mdogo wangu, mpaka maji yote yamwagike.

Mama yako Annonciata, dada yako Capitoline, na mimi kaka yako Callixte, uliyenipa mikia yako yote, hatutakusahau siku zote za uhai wetu. Nisamehe.