Madodoso Niliyojaza Peke Yangu

Mshauri wetu, salamu nyingi. Naomba msaada wako, na ikiwezekana unijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo kuna mkutano mtaani kwetu na mimi mpaka sasa sijui nitauweka wapi uso wangu.

Nina miaka ishirini na sita, nimelelewa na mama yangu mdogo tangu mama alipofariki. Yeye ni fundi cherehani, wateja wanamwita Bi Pindo maana hakuna mtu mtaani ambaye hajapindiwa suruali naye, na kibanda chake kilikuwa kwenye njia ya miguu inayotoka majumbani kwenda sokoni na shuleni, huwezi kupita usimwone. Miaka mitatu iliyopita tukasikia inakuja bandari kavu, ule uwanja mkubwa ambako makontena yanashushwa kwenye treni na kupakiwa kwenye malori, na kabla ya kujenga walitaka kujua wananchi wanalitumiaje eneo lile, nikapata kibarua cha kuzunguka na madodoso nyumba kwa nyumba, kaya sitini kwa siku tano.

Kaya kumi na moja za kule relini nilizifanya vizuri, naapa. Ila swali la tisa lilikuwa linauliza kama familia inaitumia ile njia, na ukiweka alama kwenye Ndiyo zinafunguka kurasa tatu nyingine, mnapita mara ngapi, mnabeba nini, mnatembea au mna baiskeli, lakini ukiweka Hapana unaruka moja kwa moja mpaka mwisho, na watu walikuwa wananichoka, jua kali, msimamizi anapiga simu kila saa, basi nikarudi nyumbani nikajifungia chumbani nikayajaza arobaini na tisa yaliyobaki peke yangu, Hapana, Hapana, Hapana, saini nikazibuni, na la mama mdogo nikalijaza hivyohivyo huku yeye yuko sebuleni anamalizia sare za shule na ananiuliza kwa sauti kama nitakunywa chai.

Msimamizi alinisifu kwa wepesi. Bandari ilipofunguliwa nikaajiriwa getini kuandika namba za malori, mama mdogo akanishonea sketi ya kazini kwa furaha, na wakati huohuo ukuta ukakatiza njia. Sasa kwenda sokoni ni kuzunguka karibu saa nzima kando ya malori, wapita njia wameisha, na kibanda kinatazama matofali. Bado anakifungua kila asubuhi. Jirani yetu, fundi baiskeli, alimtania, “Bi Pindo, siku hizi unayashonea makontena?” Naye akamjibu, “Nayapima viuno, wewe subiri zamu yako.” Watu wakacheka, mimi nikaingia ndani.

Mwezi uliopita watu wa mtaa wakaenda bandarini kulalamika, meneja akawaambia kaya arobaini na tisa kati ya sitini zilisema haziitumii njia. Tangu hapo mtaa umechafuka. Mama mdogo alimwambia fundi baiskeli mbele za watu kwamba amenunuliwa, kwa kuwa siku hizi anaziba matairi ya malori na mambo yake yamenyooka. Yule baba akabaki anasema, “Dada, mimi sijaulizwa na mtu!” wakamzomea. Hakuna anayenishuku, wanajua nilifanya kazi ile lakini wanadhani nilipangiwa relini tu, na kila ambaye hakuulizwa anadhani walioulizwa ni wengine. Sasa bandari inataka kupanuka, na meneja amesema Jumamosi atakuja na madodoso yenyewe. Juzi mama mdogo akanishika mkono, “Mwanangu, wewe uko ndani kule. Nitafutie majina ya hao wasaliti, nitayasoma mimi mwenyewe hadharani.”

Nimefikiria kumtafutia kibanda karibu na geti la malori, nimsaidie kimyakimya yaishe. Je, hiyo haitoshi? Siwezi hata kula akinitazama.

Karani wa geti

*

Karani wa geti, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi.

Sitakufanya wewe peke yako mchawi. Aliyetunga dodoso ambalo ukweli unakula kurasa tatu na uongo unakula alama moja, kisha akakupa siku tano, ana lake la kujibu. Waliosimamisha ukuta bila kusimama hata asubuhi moja kwenye njia ile waone nani anapita, wana lao. Wenye nyumba za kupanga bila shaka wamepandisha kodi wanacheka, fundi baiskeli amepata matairi makubwa, na wapate, sina kinyongo. Lakini mwanamke aliyekuwa akiishi kwa miguu ya wapita njia anaambiwa ajitafutie, na hayo tunaandikiwa kuwa ni maendeleo! Bandari inaweza kupokea mizigo yote ya dunia na bado ikaacha mlango wa watu kupita.

Haya, hao hawakuniandikia. Umeniandikia wewe. Ulikaa chumbani ukawasemea watu arobaini na tisa, na mmoja wao alikuwa anakuuliza kama utakunywa chai. Halafu umemwacha jirani asiye na kosa azomewe. Hilo la kuzomewa, binti, limenichoma kuliko dodoso, maana madodoso uliyajaza ukiwa umechoka, lakini kunyamaza unanyamaza kila siku ukiwa umelala na kuamka vizuri. Na hicho kibanda cha getini ni hongo. Atakushukuru, nawe utazipokea shukrani hizo kwa uso gani?

Andika barua kwa mkono wako, useme madodoso mangapi ni ya uongo na uliyajaza vipi. Moja ipeleke kwa meneja, moja serikali ya mtaa, na moja uisome mwenyewe mkutanoni. Dai watu waulizwe upya kabla ya upanuzi wowote, na njia ifunguliwe mlango. Fundi baiskeli muombe radhi palepale alipozomewa, si uchochoroni. Kazi unaweza kuipoteza, sikufichi. Unaweza pia kushtakiwa, kwa hiyo tafuta wakili wa msaada wa kisheria kabla hujaikabidhi barua. Sketi utaivaa kwingine.

Lakini kabla ya wakili, meneja na kipaza sauti, nenda kwa mama yako mdogo, leo, kabla hajafunga kibanda. Mwambie jina lake limo kwenye orodha anayoitaka, na ni nani aliyeliweka. Usilie kabla hujamaliza, maana ukilia ataanza kukubembeleza wewe. Akikufukuza, ondoka, na kesho asubuhi rudi. Jumamosi meneja akilisoma jina lile, awe amekwisha kulisikia kutoka kinywani mwako.