Nyimbo za Milango Iliyofungwa

Amu, 12 Februari 2023

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, mguu umepoa, na yale mafuta niliyokuletea hujampa Mama Shukri chupa nzima. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Najua hupendi simu, wasema mtu hawezi kuirudia akaisoma tena, basi nakuandikia.

Zile nyimbo nilizowarekodi wewe na Mama Shukri nimeshaziingiza kwenye kompyuta ya kazini. Ngoja nikueleze kazi yangu, maana kila mara waniuliza na kila mara nakujibu ovyo. Hapa tumehifadhi sauti za watu wa pwani, tele, na yeyote mwenye mtandao aweza kuzitafuta akazisikiliza. Shida ilikuwa kila aliyeziingiza aliandika alivyopenda. Mmoja kaandika ndoa, wa pili nikahi, wa tatu shughuli ya Bi Fulani. Ukitafuta ndoa, zile za nikahi hazitokei, na zipo! Sasa tumekubaliana: jambo moja, neno moja, na sote tuandike hilo hilo. Mkubwa wetu, Bwana Murithi, mtu wa Meru, hataki mchezo kabisa kwenye hilo. Zenu nimeziandikia "Nyimbo za harusi", na majina yenu yote mawili. Hata kitukuu wako akizitafuta atazipata papo hapo.

Nisalimie mjomba Wazir.

Mwanao,
Umulkheir


Mbwajumali, 3 Machi 2023

Mwanangu Umulkheir,

Waalaikum salaam. Mguu ni ule ule. Mafuta kayamaliza Shukri, na nitampa mengine ukileta. Nilipokuzaa nikalala sijitambui, ni yeye aliyekupa ziwa lake, ndipo wamwita mama, leo nimnyime mafuta?

Kazi yako nimeielewa na nimefurahi. Kumbe shule ilikuwa na maana, nami nikidhani wakaa huko kupigwa na upepo wa pangaboi tu. Lakini hukunambia lile sharti letu umeliandika wapi. Zile ni nyimbo za kumfunda bi harusi. Huimbwa milango imefungwa, na mwanamume hakai, hata awe ndugu. Tulikuimbia kwa sababu u mtoto wetu wa kike, na mabinti wa siku hizi hawataki kujifunza. Tulikwambia mbele ya kile kinasa sauti chako: wasikie wanawake tu. Je, hilo nalo lina neno huko kwenu? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Mama yako akupendaye,
Ruqaiya


Mbwajumali, 19 Agosti 2023

Umulkheir,

Assalamu alaikum, kwa kuwa salamu ni haki yako. Afya yangu usiiulize.

Nilikuuliza jambo moja ukanyamaza. Sasa nimejua kwa nini. Juzi mjomba wako Wazir alikuwa bandarini Mtangawanda anakunywa chai, angoja mashua ya Amu. Meza ya pili vijana wana simu, wanacheka. Akasikia sauti ya dada yake yamfundisha bi harusi namna ya kumpokea mumewe kitandani. Na Shukri aitikia, "Ruqaiya nena, Ruqaiya nena," hata asiyenijua akanijua. Mjomba wako akaitazama ile simu. Ni tangazo la hoteli, wameweka kitanda na maua. Kaondoka na chai hakuimaliza. Haya nimehadithiwa na mkewe, maana yeye tangu siku ile hajakanyaga nyumbani kwangu.

Kwa kina Musab wanaoza binti yao. Mamake nilimfunda mimi, na shangazi zake wote. Safari hii wamemwita mtu wa kumfunda kutoka Siyu. Nikauliza, jamani, nimekosa nini? Wakaniambia, "Bi Ruqaiya, hukukosa. Twaogopa simu." Wallahi nilirudi nyumbani sioni ndia. Maisha yangu yote mwanamume wa kando hajaisikia sauti yangu ila nikimwuliza bei ya samaki, na sasa yachekewa mkahawani.

Iondoe. Sitaki ipatikane na mtu yeyote, umenisikia? Yeyote. Na usinipigie. Sauti yangu haitapita tena kwenye simu.

Mama yako,
Ruqaiya


Amu, 27 Agosti 2023

Mama,

Assalamu alaikum. Nimelia mpaka wenzangu kazini wakadhani nimefiwa. Lakini nami nina la kusema, nalo litakuudhi.

Sharti lenu niliomba lipewe neno. Bwana Murithi akafungua ile orodha ya maneno tuliyokubaliana, akatafuta mbele yangu, akasema, "Umul, hapa kuna siri za wagonjwa na siri za serikali. Ya wanawake tu haimo. Tukianza kuongeza maneno ya kila kijiji tutarudi kule kule tulikotoka." Nikaona ana haki, maana ndiyo niliyokuwa nikiihubiri mwenyewe. Nikaliandika sharti chini kabisa kwenye maelezo, pahali hapasomwi na mtu. Barua yako ilipokuja niliona haya kukujibu. Mtu wa hoteli alitafuta harusi, akaipata ya kwanza. Wewe ulitaka zisipotee, Mama, na mimi nilitaka zipatikane. Sikukufanyia kusudi!

Neno la harusi nimelitoa. Nimetoa na jina lako na la Mama Shukri. Imebaki namba tu katikati ya namba, haitafutiki. Hoteli nimeiandikia, haijanijibu.

Nisamehe.

Mwanao,
Umulkheir


Mbwajumali, 11 Januari 2024

Mwanangu Umulkheir,

Assalamu alaikum. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Shukri ametutoka Jumanne, akazikwa alasiri. Walikupigia hukupatikana, wakasema uko Nairobi kwa mafunzo, na maiti hangoji. Usijilaumu kwa hilo.

Sikukuandikia tangu ile barua yako kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo. Leo naiweka kando. Mabinti wa Shukri hawana sauti ya mama yao popote. Wajua alivyokuwa, ukimwelekezea simu ajifunika uso na leso. Sauti yake iko huko kwenu tu. Ilete, mwanangu. Tutafunga milango, tukae sisi wanawake, tumsikie vile alivyoomba. Nami nataka kumsikia akiniitikia. Tumeimba pamoja tangu tungali wasichana, na nyumba hii sasa kimya.

Njoo nayo kabla ya arubaini. Nitakupikia mkate wa mofa.

Mama yako,
Ruqaiya


Amu, 22 Januari 2024

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Mungu amrehemu Mama Shukri, ziwa lake halitoki mwilini mwangu.

Sijui nianze wapi. Disemba tulihamia kompyuta mpya. Bwana Murithi aliagiza kisicho na neno kisihamishwe, maana hakitafutiki, na kisichotafutika ni takataka. Ile ya zamani ikafutwa ikapewa shule. Niliiona rekodi yenu yabaki nyuma, Mama. Ningeweza kuiandikia neno lolote, hata la uongo, ikapita. Nikasema moyoni, afadhali, mama yangu atapumzika. Uliniambia isipatikane na mtu yeyote.

Nimetafuta kila pahali, hata kwenye kinasa sauti. Haipo. Kilichobaki duniani ni kile kipande cha hoteli.

Niambie nije nisije.

Mwanao,
Umulkheir


Mbwajumali, 24 Februari 2024

Mwanangu Umulkheir,

Waalaikum salaam. Mguu wauma. Mengine alhamdulillahi.

Arubaini ya Shukri imepita. Baada ya hitima mabinti zake walikuja kwangu, tukafunga milango na madirisha kama desturi. Mkubwa akatoa simu, aniuliza, "Bi Ruqaiya, twatafuta vipi?" Nikamwambia andika harusi, na jina la ile hoteli. Ikaja hata sijakaa vizuri.

Shukri aniita mara mbili. Ya tatu wamemkata, na mwanamume asema karibuni, vyumba vyetu vyapata upepo wa bahari. Tukairudisha. Akaniita tena mara mbili, na yule akaingia tena. Yule mdogo akataka kuizima kabla yule mwanamume hajasema, hakuiwahi hata mara moja, hapo akaanza kulia. Ndivyo tulivyomsikiliza Shukri, milango imefungwa na mwanamume yumo ndani.

Waliniuliza mbona hukuja. Nikawaambia una kazi. Basi usije kwa sasa, nitakapoweza kukutazama nitakwambia.

Lile neno lako lafanya kazi vizuri sana, mwanangu.

Mama yako,
Ruqaiya