Kifurushi cha Kahiga

Giakanja,
Jumanne, mwezi wa saba

Ndugu yangu Kahiga,

Nakusalimu wewe, Wendy na watoto, nikitumaini baridi ya Nanyuki haijawafungia ndani kama hii yetu ilivyotufungia. Huku tuko wazima. Goti la Mama limetulia, ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na viazi vya kule chini vimechomwa na baridi, ingawa si vyote. Utashangaa kwa nini dada yako mkubwa ameshika kalamu na simu iko. Kwenye simu Mama husikia kila neno, na pia kuna mambo ambayo ulimi wangu unakataa. Muchiri, anayepeleka kabeji huko, atakukabidhi barua hii Alhamisi. Isome ukiwa peke yako.

Unakumbuka Krismasi ulipomletea Mama runinga kubwa, ukamlipia kifurushi cha vituo pamoja na zile filamu za mtandaoni zilizokuja ndani yake kama nyongeza. Mama alipenda tamthilia moja ya Kikorea, ya daktari na mama mkwe wake mkorofi. Kila siku saa nane, vyombo vikishaoshwa, tuliketi. Mama hajui Kikorea, wala Kiingereza cha pale chini ya picha, kwa hivyo mimi nilisoma na kumwambia kwa Kikuyu, mstari baada ya mstari, mpaka koo likakauka. Hata sauti ya yule mama mkwe niliigiza. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema Mungu ambariki Kahiga wangu.

Kahiga, Kahiga! Mchungaji akija anaonyeshwa runinga ya Kahiga. Siku moja jirani yetu Mama Shiro aliniambia ati niko na bahati sana, ndugu yangu analipa kila kitu, mimi kazi yangu ni kukaa tu na kutazama TV. Mama akaitikia. Mimi ninayeamka saa kumi na moja kukamua, ninayemkanda goti kwa maji moto! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilienda jikoni nikakata sukuma wiki kwa hasira mpaka nikajikata kidole, na hakuna aliyeuliza. Nilikuonea wivu, ndugu yangu. Wivu wa mtoto mdogo, nami nina miaka hamsini na mmoja.

Mwezi wa tano kampuni ilibadilisha mambo. Filamu hazingekuja tena bure ndani ya kifurushi. Anayezitaka ilibidi athibitishe na kuongeza kidogo, asiyezitaka abaki na vituo vya kawaida. Siku moja saa nane tukawasha, daktari hayupo. Mama aliniuliza kama umeshindwa kulipa. Nilimjibu kwamba sijui, labda mambo yamekuwa magumu huko.

Mama alizima runinga. Kukuuliza hakutaka, kwa kuwa alisema mwanamume mwenye nyumba yake haulizwi na mamake mfukoni mna nini. Ndiyo maana kila Jumapili kwenye simu anakuuliza mara tatu kama umekula. Hayo mambo magumu yaliendelea kukua kichwani mwake, hata akaamini umefutwa kazi hotelini. Mwezi jana alisimama kanisani akaomba ukumbukwe. Watu wote waliinamisha vichwa kwa ajili yako. Nami niliinamisha, na unajua nilichofikiri? Kwamba hata ukianguka, ni wewe tu unayetajwa.

Sasa sikiliza. Jumamosi hii akina mama kumi na wawili wa kanisa wanakuja kwako kukufariji. Gari limekodiwa. Vyondo vimejaa unga, viazi, maharagwe na sukari, na Mama ametoa jogoo wake. Watafika saa nne, wakukute mpishi mkuu, umeshiba, na kazi yako unayo.

La kuvunda halina ubani, kwa hivyo nalisema. Ujumbe wa kampuni ulikuja kwenye simu yangu, kwa sababu uliandikisha namba yangu, ukaniagiza lolote likija nikutumie mara moja. Sikukutumia. Walisema nijibu moja kuendelea, au mbili kuacha. Nilisimama pale zizini na ndoo ya maziwa, nikajibu mbili. Mama hakuwa amekosewa na wewe wala na kampuni. Nilitaka akukasirikie, hata siku moja tu, na hakukukasirikia. Badala yake nilijinyima zile saa nane zetu, maana siku hizi akishakula anaingia chumbani kukuombea, nami nabaki na kiti kitupu na vituo vya habari.

Usiwapigie simu kuwazuia. Wapokee, Wendy achemshe chai. Nitasimama mwenyewe sebuleni kwako, mbele ya wote, Mama Shiro akiwemo, niseme nilichofanya. Ukinifukuza nitatoka. Nakuomba jambo moja tu: usimwambie Mama kabla ya hapo. Amewaambia wenzake kwamba kwenye gari kiti cha kando yake asikikalie mtu, ni changu, kwa sababu hajui atawezaje kukuona katika hali hiyo bila mimi kumshika mkono. Kutoka Giakanja hadi Nanyuki atakuwa amenishika. Nataka safari hiyo kwanza.

Mwambie Wendy nimemsalimu, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awalinde mpaka tuonane hiyo Jumamosi.

Ni mimi dada yako,
Njoki