Nafasi za Kuitikia

Jumatatu, 26 Januari

Hili sijamwambia mtu. Ubeti wa tatu si sauti ya Bibi. Ni yangu.

Bibi ndiye anayeongoza nyimbo za harusi hapa Chundwa tangu mama hajazaliwa. Mwaka huu kifua kimembana, hawezi kuimba mbele za watu. Binamu yangu Zuhura anaolewa Alhamisi ya wiki ijayo na hataki nyimbo za kuletwa. Anamtaka Bibi. Basi nimemrekodi kitandani kwake, beti tano, nazihariri kwenye laptopu ya Mjomba. Siku yenyewe sauti itatoka kwenye spika, wanawake waitikie na kugonga pembe zao za nyati kwa vijiti.

Ubeti wa tatu ulikuwa kikohozi kitupu. Sikuwa na moyo wa kumwimbisha tena. Nikajifungia jikoni, nikajifunika leso, nikaimba mwenyewe. Mimi, niliyemaliza shule nikimjibu mwalimu kwa kutikisa kichwa tu. Nikaishusha sauti kidogo, nikaipachika. Mshono hauonekani.

Jumatano, 28 Januari

Kazi safi leo. Nimekuza mchoro wa sauti mpaka kila pumzi ikaonekana. Penye kikohozi, nimeteua, nimefuta. Penye mstari mnyoofu, kimya kitupu, nimefuta pia. Dakika kumi na mbili zimekuwa saba. Wimbo hausiti popote. Nimehifadhi juu ya faili la kwanza.

Najivunia.

Ijumaa, 30 Januari

Nimemsikilizisha Bibi baada ya sala. Beti mbili tu, akainua mkono nizime.

"Waitikie wapi wenzangu? Umeiziba ndia."

Njia yao ya kuitikia, nimeiziba mimi. Kimya kile hakikuwa kitupu. Bibi alikuwa akiimba mstari, kisha anawangoja wenzake wasiokuwemo chumbani. Yeye aliwasikia. Mimi nimewafuta wote. Na rekodi ya kwanza haipo tena. Bibi sasa hata kusema anasema kwa kituo, kuimba upya hawezi.

Zuhura hajui. Naogopa kumtazama.

Jumapili, 1 Februari

Nimejaribu kurudisha kimya. Kimya cha kompyuta ni cha kaburi. Bibi anaimba, halafu ni kama mtu kamziba mdomo.

Kisha nikakumbuka. Mwanzo wa rekodi Bibi alikaa kitambo akitafuta pumzi, na pale sikupagusa. Mle mna sauti za kuku wa uani. Mna ufagio wa mama. Nikanakili vipande vya hapo, nikavibandika kila mwisho wa mstari. Chumba kikarudi.

Urefu sikuujua. Nikaenda kwa Bibi, nikamweleza yote isipokuwa lile moja. Hakunigombeza. Alinigongea ubavuni mwa kitanda, jinsi wenzake wanavyoitika, nami nikapima. Nafasi arubaini. Nimezipanga moja moja. Mgongo unauma.

Alhamisi, 5 Februari

Uani palijaa. Sauti ya Bibi ikatoka. Mstari wa kwanza, kisha nafasi. Roho mkononi.

Wakaitika. Wote, pembe zikilia, wakamaliza pale pale Bibi alipoingia tena. Shangazi mmoja alisema mashine hii ina adabu, inangoja watu. Nilikuwa nyuma ya spika, nacheka peke yangu. Adabu hiyo nimeifunza mimi.

Bibi alikuwa kitini karibu na bibi harusi, midomo ikifuata sauti yake mwenyewe. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Ulipoanza wa tatu, akafunga mdomo. Akasikiliza mstari mzima. Nafasi ilipofika akaitika, pamoja na wenzake, kama mwitikiaji yeyote.

Maisha yangu yote sijapata kumwona Bibi akiitika.

Ijumaa, 6 Februari

Nyumba imetulia. Nimemsugua Bibi kifua kwa mafuta. Alitaka nimpigie ubeti wa tatu. Alisikiliza kafumba macho, vidole vikigonga ubavu wa kitanda kwenye nafasi zake. Akataka tena.

Hakuuliza. Sikusema.

Daftari, tuko watatu tunaojua. Wawili tumeshanyamaza. Nawe usimwambie mtu.