Kilomita Tisa Nukta Sita

Jumapili, 15 Juni

Sikushinda. Hili sijamwambia mtu yeyote. Hata leo kanisani nilipoingia kuungama nilitaja uvivu na kumjibu mama vibaya, basi, nikatoka.

Jana Pugu walinitangaza wa kwanza, wasichana chini ya miaka kumi na nane. Dakika arobaini na tatu na sekunde mbili. Dada Lusungu wa pili, arobaini na nne na sekunde kumi. Watu wakapiga makofi. Mie nikaangalia chini, na kwa kuwa huwa naangaliaga chini siku zote, hakuna aliyeshangaa.

Ilikuwa hivi. Njia ni kilomita kumi na moja ndani ya msitu, na kila mtu anaanza peke yake, dakika tano baada ya mwenzake. Mie na Lusungu tunatumia baiskeli moja ya klabu, kwa hiyo yeye alianza wa kwanza kabisa, mie wa mwisho kabisa. Alipomaliza akashuka, tukateremsha kiti, nikapanda. Vishikio vya usukani bado vimelowa jasho lake.

Alama za njia ni vipande vya utepe wa rangi ya chungwa, vimefungwa kwenye miti. Pale njia panda ya kushukia bondeni sikuona utepe. Nikanyoosha. Mbele kidogo nikampita mama mmoja kabeba kuni kichwani — mzigo umefungwa vizuri kabisa kwa utepe wa chungwa. Nikasema samahani mama. Akanipisha. Akaniambia polepole mwanangu, utaanguka.

Hapo bado sikuelewa. Nilielewa nilipoliona tangi la maji upande wa kulia. Tangi unalifikia ukishatoka bondeni, ukishapanda kile kilima kinachotuua wote. Mie sikushuka bonde wala sikupanda kilima. Miguu ilikuwa mizima kama imetoka kitandani.

Ningeweza kurudi. Ningeweza kusema pale mwisho, kocha, kuna utepe umetolewa. Wangecheka, wangenipa nafasi nyingine labda. Mpaka hapo halikuwa kosa langu. Lakini nilikanyaga pedeli. Na kocha Godlisten akaangalia saa yake mara mbili, akasema, "Avelina, leo umekula nini?"

Sikujibu. Kutojibu ndiyo kazi ninayoiweza.

Nafasi ya msichana ni moja. Wa kwanza anaenda Morogoro tarehe 28, halafu Lushoto tarehe 5 Julai. Wa pili ni akiba, anaenda kama wa kwanza akishindwa. Na Lushoto wanakuja watu wa klabu moja ya Arusha kuchagua vijana wa kukaa nao kambini, wawasomeshe na kuwafundisha. Sharti uwe hujafika kumi na nane.

Mie nina kumi na sita. Lusungu anatimiza kumi na nane mwezi wa nane.


Jumanne, 17 Juni

Leo nimefanya baya kuliko la Jumamosi.

Kwenye usukani kuna kimita kidogo kinachohesabu kilomita. Kina namba mbili: ya safari ya mwisho, na ya jumla tangu tupewe ile baiskeli. Kabla ya kuanza mbio kila mtu anarudisha ya safari kwenye sifuri. Na kila tukikabidhiana baiskeli Lusungu anasoma zote mbili, anaandika kwenye daftari, ili fundi Mwishehe ajue lini asafishe cheni. Yeye ndivyo alivyo. Hasahau.

Tangu Jumamosi, iliposhushwa kwenye gari la klabu, baiskeli imelala kwetu Kiwalani. Leo zamu yake. Asubuhi nikakiwasha kile kimita.

9.6.

Nikabonyeza kitufe, hakikufuta. Nikabonyeza nikashikilia. Kikafuta zote mbili. Jumla ilikuwa 1,938. Miaka miwili, zake na zangu. Tulishasema zikifika elfu mbili tunaenda kula chipsi kuku Gongo la Mboto, sie wawili tu, bila yule Nurdin wa klabu na kelele zake.

Alipokuja akainama kusoma, kalamu mkononi.

"Ave. Hii imekuwaje?"

Nikasema nilikuwa naosha baiskeli, maji yakaingia.

Akakaa kwenye ngazi. Akakifuta na pindo la fulana, kama vile namba ziko nyuma ya vumbi. "Kilomita zetu zote?" Halafu akanitazama usoni. Sijui aliona nini. Akadhani nataka kulia kwa ajili ya kimita. "Basi, mdogo wangu. Namba tu hizo. Chipsi tutakula hata kesho."

Mama akamlazimisha abaki ale. Akamwambia asante mwanangu, huyu wangu bila wewe angekuwa anaendesha kwenda dukani tu. Lusungu akacheka. Mie nilikuwa nachambua mchicha, nimechambua mpaka majani mazima nikayatupa.


Jumamosi, 21 Juni

Leo mazoezi yalikuwa Wazo, kule vilimani nyuma ya kiwanda cha saruji. Vumbi jeupe mpaka kwenye meno.

Kocha ameamua baiskeli ikae kwangu muda wote hadi Lushoto. Kwa hiyo Lusungu hana cha kuendesha. Alikuja hivyo hivyo, na raba, akawa anakimbia pembeni yangu kwenye mteremko akipiga kelele. "Macho mbele, Ave! Usilitazame jiwe. Ukilitazama utaligonga." Nikalitazama. Nikaligonga.

Nurdin yuko juu ya kilima na wenzake. "Bingwa wa Pugu anakamata breki kama anakamua nguo!"

"We Nurdin," Lusungu akamwambia, hata hakugeuka, "Pugu wanaume mlikuwa wanane, na wewe ukawa wa nane. Unaongea na nani?"

Walicheka wote. Nurdin naye alicheka. Mie nilichelewa.

Tukiwa tunapumzika nikajikaza nikamuuliza kama alinikasirikia. Sauti yangu ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Akasema ndiyo. Alisema alilia Jumamosi ile mpaka dada yake akamwambia nenda kalilie kwa jirani. Halafu akaosha uso. "Nikasema, kama mtoto kanishinda, kanishinda. Mie ndiye niliyemfundisha, sasa nilitaka nini? Ingeniuma kama ungepewa bure."

Akanipa chupa ya maji. Nikanywa muda mrefu ili nisiwe na mdomo wa kusemea.


Jumatano, 25 Juni

Nimejaribu kumwandikia kocha ujumbe. Kwa Kiswahili nafika kwenye "shikamoo kocha, samahani" na naishia hapo. Kwa Kiingereza unatoka wote, mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama. Shuleni tunaongea Kiingereza siku nzima, na nimegundua leo kuwa kwa Kiingereza ni kama nasimulia kosa la msichana mwingine. Nimeufuta.


Jumapili, 29 Juni

Tumerudi kutoka Morogoro. Siwezi kuandika vizuri, kiwiko kimefungwa bendeji.

Wasichana tisa. Mie wa nane. Wa tisa cheni yake ilikatika.

Tuliendesha chini ya Uluguru. Pazuri, nadhani, sikupaangalia. Kilima cha kwanza tu wakaniacha. Cha pili nikashuka nikasukuma. Kwenye mteremko mguu ukateleza kwenye pedeli, nikaenda chini na kiwiko. Mama mmoja wa pembeni, anauza ndizi, akasema pole binti, kaa kwanza. Nilitaka kukaa kweli. Nikae naye tuuze ndizi.

Tulikuwa kwenye gari, tumeshapita Chalinze. Kocha akaniangalia kwenye kioo.

"Avelina. Pugu kile kilima ulikipandaje?"

"Nilijitahidi tu, kocha."

"Mie mwenyewe kile nashuka natembea. Na nina mapaja haya."

Nurdin, aliyekuja kushangilia tu, akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka, akageukia dirishani. Kocha akasema labda ni woga wa ugenini. Tutaona Lushoto. Akasema "tutaona" mara mbili.

Lusungu alipiga simu kabla hata sijavua viatu. Hakuuliza nimekuwa wa ngapi. Aliuliza nimeumia wapi, na nimekula?


Jumatano, 2 Julai

Mama alikuja chumbani na simu yake. Anataka picha yangu ya Pugu, ile aliyoiweka kwenye wasifu wake wa wasapu tangu siku ile, watu wote wa ofisini wameshaiona, kisha padri, kisha mjomba Bukoba. Anataka kwenda kuichapisha kubwa, aweke fremu, itundikwe sebuleni kando ya ile ya babu. Nimsaidie kuikuza.

Nikaikuza. Mie nimesimama nimeangalia chini. Mkono uko kwenye usukani. Chini ya mkono, kimita. Nikaikuza tena.

9.6.

Inasomeka kabisa. Picha aliipiga fundi Mwishehe pale pale nilipomaliza, akaiweka kwenye grupu la klabu. Grupu lina watu arobaini na mmoja. Mie nilifuta namba kwenye baiskeli, nikapoteza kilomita elfu moja mia tisa na thelathini na nane, na wakati wote huo namba iko kwenye simu za watu arobaini na mmoja, pamoja na ya mama yangu. Lusungu ameweka moyo chini yake. Wa kwanza kuweka.

Nikamwambia mama picha hii ikikuzwa inaharibika, haifai. Akasema mbona naiona nzuri tu. Nikasema haifai. Akaniangalia, akatoka.

Yeyote anaweza kuikuza. Yeyote, dakika yoyote.


Alhamisi, 3 Julai

Safari ya Lushoto ni kesho saa kumi na moja alfajiri. Begi liko wazi kitandani.

Saa tisa mchana Lusungu kanitumia ujumbe. "Nakuja kwenu jioni. Usitoke, kuna kitu nataka nikwambie mwenyewe."

Ameiona picha. Lazima ameiona. Nimeusoma ujumbe kama mara ishirini. Na nilichosikia mwilini siyo woga — ni kama mtu kanitua ndoo kichwani. Aseme yeye. Akishasema, mie nitaitikia ndiyo, neno moja, hilo naliweza. Atampigia kocha mwenyewe. Yeye ndiye akiba, jina lake lipo. Atachukua begi hili hili aende. Baiskeli iko koridoni, anaijua kuliko mie.

Nimekunja nguo, nimekunjua, nimekunja tena. Ujumbe wa kocha nimeuandika, safari hii kwa Kiswahili, wote, na utepe na kuni na tangi la maji. Umekaa tu kwenye simu. Nikasema ngoja Lusungu afike kwanza.

Saa kumi na mbili kasoro. Geti. Sauti yake.

"Hodi! Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mbona na mzigo?"

Anasema ni viatu vyake vya mbio. Amesikia Morogoro mguu wangu uliteleza kwenye pedeli, vyake vina meno. Namba inazidi kidogo, ameweka na soksi nene.

Mama anamuuliza, na wewe utavaa nini?

Naandika huku nasikiliza.

"Mie mama, mbio nimeacha. Jumatatu naanza kazi, duka la vipuri la mjomba. Kilichobaki kilikuwa hiki cha Lushoto, sasa mwakani mie siyo mtoto tena. Ndiyo nilikuwa nataka nimwambie Ave mwenyewe, asije akasikia kwa Nurdin."

Mama anasema pole mwanangu. Yeye anacheka, anasema pole ya nini mama, si Ave atatuwakilisha.

Hajui. Hajui chochote. Siku nzima nimekaa namngoja aje anikamate, na amekuja kunipa viatu.

Basi hakuna atakayesema. Nikinyamaza, kesho alfajiri naondoka na viatu vyake miguuni.

"Pita tu, yuko ndani anapanga begi lake."

Anavua kandambili. Koridoni amesimama — kwenye baiskeli, nasikia anazungusha gurudumu, anasikiliza cheni. Kaliachia. Anakuja.

Daftari nalisukuma sasa hivi chini ya godoro. Simu naiacha juu ya shuka, picha wazi, nimeikuza mpaka kimita kimejaa kioo kizima.