Sauti Iliyo Kwenye Wimbo wa Nane

Kaka yangu mpendwa,

Nakuandikia kukuomba jambo moja: usitie sahihi mkataba wa Jumatatu kabla hujaisoma barua hii mpaka mstari wake wa mwisho. Nimeona heri nilitamke hilo mapema, nisije nikajificha nyuma ya salamu.

Hata hivyo salamu ni haki yako. U hali gani? Shemeji hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Mimi ni mzima. Chumba changu ni kile kile cha ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta wa kiwanda cha magodoro, na kazi ya jaridani inaendelea. Mama nilimwacha juzi akiwa na afya njema. Bado anaikimbilia redio na kuizima kila bendi inapotangazwa, kwa kuiheshimu nadhiri yako. Mara ya mwisho aliikimbilia mikono ikichuruzika maji ya kuoshea vyombo, redio ikalowa, na sasa haitoi chochote, si bendi wala taarifa ya habari. Anasema afadhali, nyumba imepata amani.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Mengi unayajua, lakini nataka uone jinsi kila jambo lilivyozaa jingine.

Daktari alipokuagiza unyamaze miezi mitatu baada ya upasuaji wa koo, bendi uliyokuwa ukiiimbia haikukusubiri hata mwezi mmoja. Mpiga gitaa, ambaye ni wewe uliyemfundisha kufunga nyuzi, alimleta Mwalimu, yule dada anayefundisha watoto muziki katika shule ya msingi, ashike nafasi yako. Albamu ikatoka na jina lake. Wewe ukaapa kwamba hutaisikiliza maadamu u hai, ukarudi karakanani kuchomelea mageti, na Mama nyumbani akaapa pamoja nawe bila kuulizwa.

Hukuwapo siku mashabiki walipoisikiliza kwa mara ya kwanza. Tulikutana kule kule nyuma ya duka la kuchapa fulana, na kanuni uliyoiweka mwenyewe ilifuatwa: hakuna kufungua kinywa mpaka wimbo wa mwisho uishe, kisha kila mtu anabeba kiti chake, anayeikubali albamu anakaa kulia, anayeikataa anakaa kushoto. Viti vilikwaruza sakafu kwa muda mrefu. Tulipokaa, tulikuwa karibu nusu kwa nusu, na watu waliokuwa wakiazimana fulana za bendi walitazamana kama mawakili wa mahasimu.

Kinyozi, yule aliyejichora uso wako mkononi, ndiye aliyeanza. Alisema bendi si kiatu, kwamba ukipoteza cha kulia unaazima cha jirani. Muuguzi wa wodi ya watoto, aliyekaa kulia, akajibu kwamba kwa mara ya kwanza tangu aanze kuipenda bendi hii ameyasikia maneno ya nyimbo, na kumbe yana maana. Kinyozi akamwambia anayetaka maneno yenye maana akasikilize matangazo ya vifo. Muuguzi akamrudishia kwamba wapo watu waliozoea koo gonjwa kiasi kwamba wakisikia lililo zima wanadhani wamesalitiwa. Hapo upande wa kushoto ulizomea, na nakiri kwamba mimi nilizomea kuliko wote. Fundi baiskeli, mtu mzima mwenye wajukuu, alisema ndoa yake imedumu kwa sababu yeye na mkewe hawajawahi kukubaliana juu ya bendi hii, na sasa mkewe ameipenda albamu mpya, hivyo haijui kesho yake.

Lakini ulipotajwa wimbo wa nane, hata wa kulia waliinamisha macho. Sijui kama umewahi kusikia wakiuzungumzia. Ni wimbo wa kunguruma mwanzo hadi mwisho, hauna hata mstari mmoja wa sauti nyororo, na unajua kwamba katika kunguruma kwa namna hiyo koo halijulikani ni la mwanamume au la mwanamke. Kinyozi alisema mwalimu wa chekechea ameamka na mafua. Watu walicheka mpaka mwenye duka akaja kuchungulia. Muuguzi mwenyewe alikubali kwamba wimbo huo haukupaswa kutoka. Mmoja akasema laiti angeuimba Mwenyewe, akimaanisha wewe, na chumba kizima kikaguna kwa majonzi.

Nilirudi chumbani kwangu nikiwa na shahada niliyoipata miezi minne nyuma na barua sita za kukataliwa kazi, nikaandika makala, nikaipeleka jaridani. Wewe unayajua maneno yake kuliko mimi. Nilisema kwamba wimbo wa nane ni ushahidi usiopingika kuwa bendi imemfukuza simba na kuvaa ngozi yake. Nikaandika: "Sauti hii inabisha hodi katika kila noti, wala hapana noti inayoifungulia." Mhariri alinipigia simu kesho yake. Alisema nina kalamu inayouma, na wenye kalamu zinazouma hawakai nje. Hivyo ndivyo nilivyopata meza, kiti chenye magurudumu na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni.

Nilikusomea makala ile mwenyewe, pale karakanani, cheche zikiwa zimetulia. Uliniambia nirudie sentensi ya hodi. Nikairudia. Ukacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali, ukamwita mshirika wako aje asikie mdogo wako alivyosoma, kisha ukaiandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma uliokuwa ukisubiri rangi. Ulisema huyo dada hana pumzi, na aliyemwambia kwamba ana pumzi hamtakii mema. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiona nimekulipizia.

Makala ilisambaa. Mashabiki wakaanza kulitumia jina la wimbo kama tusi: mtu akichelewa, akikosea, gari likikataa kuwaka, wanasema "wimbo wa nane huo." Kisha likaja lile onyesho kubwa la ukumbini. Kinyozi alikuwa amepitisha ujumbe katika simu za watu kwamba wimbo huo utakapoanza, wote wa kushoto wageuke walipe jukwaa mgongo. Wakageuka. Mwalimu aliuimba mpaka neno la mwisho mbele ya migongo mia mbili au zaidi, akaweka kipaza sauti chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akashuka. Wiki mbili baadaye alijitoa katika bendi. Ndipo mpiga gitaa alipokujia na soda mkononi na mkataba mfukoni, akakwambia mashabiki wanakulilia urudi. Na wewe umeshamwahidi mshirika wako kumwachia karakana.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Wiki tatu kabla ya onyesho lile, mhariri alinituma studio nikaandike makala ya pili. Nilimkuta fundi sauti, yule mnayemwita Bi Nyaya, amekaa katikati ya waya zake akila karanga. Nilipomuuliza juu ya wimbo wa nane alinikazia macho, akaniuliza kama nimetumwa na wewe. Nikasema hapana. Akasema basi nimekuja kwa nafsi yangu, na ni vizuri, maana alikuwa akijiuliza mdogo mtu atawezaje kukosa kuijua sauti ya kaka yake.

Kaka, sauti iliyo kwenye wimbo wa nane ni yako.

Katika juma la kwanza la kurekodi, kabla hujaenda hospitali, uliimba nyimbo zote mara moja ili mpiga ngoma apate kitu cha kufuata, na ukaambiwa sauti hizo zitafutwa. Zilifutwa, isipokuwa moja. Bi Nyaya anasema Mwalimu aliingia kuurekodi wimbo huo, akakusikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni mara mbili, kisha akavivua. Alisema wimbo huu una mwenyewe, na mwenyewe ni mgonjwa. Hataugusa, na aliomba uachwe nje ya albamu. Mpiga gitaa alijibu kwamba majalada yameshachapwa na idadi ya nyimbo imeshaandikwa. Akaamuru sauti yako ibaki chini ya jina la Mwalimu, na mkataba ukawafunga wote vinywa, ukamlazimu Mwalimu auimbe jukwaani kama wake.

Sikuamini. Bi Nyaya akaziondoa ngoma, akayaondoa magitaa, akaniachia sauti peke yake. Kabla ya ubeti wa pili nikasikia unavyokohoa mara mbili fupi kusafisha koo, kikohozi kile kile nilichokuwa nikikisikia kupitia ukuta wa mbao nilipokuwa nikijisomea mitihani. Watu waliochora uso wako kwenye ngozi zao hawakukutambua kwa sababu jalada lilikuwa na jina la mtu mwingine. Nami, niliyelala upande wa pili wa ubao kwa miaka kumi na mitano, sikukutambua pia.

Nilipaswa kusema siku hiyo hiyo. Badala yake nilimshukuru Bi Nyaya, nikarudi kazini, nikaandika makala ya pili juu ya historia ya studio. Juma hilo mhariri alikuwa amenithibitisha kazini. Nilijiambia nasubiri wakati mwafaka. Wakati mwafaka, kaka, ndilo jina ambalo sisi tuliosoma tunaupa woga wetu ili upite mlangoni umevaa tai.

Na ukumbini nilikuwapo. Nilikuwa safu ya tatu, mhariri kulia kwangu, kinyozi kushoto kwangu, nikijua nijuacho. Wimbo ulipoanza, kinyozi alinigusa bega. Niligeuka. Nilimpa mgongo mwanamke aliyeubeba mzigo wako bila kukutaja, nikatazama mlango wenye maandishi ya kutokea mpaka akamaliza.

Ungedhani hilo ndilo gumu kuliko yote. Silo. Baada ya studio niliusikiliza wimbo ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, sasa nikijua ni wewe, nikitafuta mahali nilipokosea. Nilitaka sana niwe nimekosea. Nilitaka nisikie ushujaa wa mtu anayeimba akiumwa, niandike makala ya kujikosoa na kukusifu. Nilisikia koo lililokwisha. Makala yangu ilikosea jina tu. Kila neno lililobaki nililiandika kwa masikio yaliyo wazi, na kama ningejua ni wewe ningekusifu, na sifa hizo ndizo zingekuwa uongo.

Daktari amekwambia kwamba mwaka mmoja zaidi wa kunguruma utakuondolea hata sauti ya kumwita mwanao aje kula. Ulimwambia Mama kwamba daktari yule ni mwanakwaya aliyeshindwa, ana wivu. Mama alicheka, kisha akaja kunililia mimi. Unamkataa daktari kwa kuwategemea mashabiki, na mashabiki wanakuita urudi kwa sababu ya ubaya wa wimbo uliouimba mwenyewe. Wakiusikia mdomoni mwako, waufananishe na ule wa kwenye albamu, wataelewa. Na wakishaelewa, migongo ile unajua inavyogeuka.

Nimemwandikia Mwalimu kumwomba radhi. Alinijibu kwa karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Hakunilaumu wala hakunisamehe. Alisema watoto wa darasa la pili hawajambo, kisha akauliza swali moja: je, mwenyewe anajua? Nilikaa na swali hilo siku nne, na barua hii ndiyo jibu langu kwake.

Nimeandika pia masahihisho, nikampa mhariri. Alinirudishia na mstari mwekundu wa kona hadi kona, akasema jarida halianiki nguo zake za ndani, tena Jumanne tuna ukurasa wa mbele wa kurudi kwako, nami ndiye niliyepangiwa kuuandika. Nilimwambia sitauandika. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi niondoe vitu vyangu, navyo ni vichache. Masahihisho nitayasoma mbele ya mashabiki, nyuma ya duka la fulana, viti vikiwa popote vitakapokuwa. Lakini sitayasoma kabla wewe hujajua. Ndiyo heshima pekee niliyobaki nayo ya kukupa.

Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kuniita mwanahizaya, niite. Ukitaka kupiga mlango teke, piga mlango wa hapa kwangu, si wa shemeji. Ninachokuomba ni usimkabidhi mshirika wako funguo za karakana, na uje ujisikilize mwenyewe, bila ngoma, bila magitaa, bila mimi kukusomea. Baada ya hapo amua kama mtu mzima uliye. Nitakuwa nimekaa nje barazani. Ukinihitaji utaniita, na usiponihitaji nitakuona ukipita.

Mpe shemeji salamu zangu za heshima, umpakate mtoto kwa niaba ya baba yake mdogo. Mama usimwambie kitu mpaka tuwe wawili mbele yake.

Bi Nyaya amekubali kutufungulia studio. Ni Jumapili hii, saa nne kamili asubuhi.

Mdogo wako