Yaliyomo Ndani ya Ushirikiano

Jumatatu, 9 Juni

Meneja mpya kaingia na ubao mweupe. Tunamwita Tai — kwa hiyo anayoivaa, na kwa hiyo shingo. Kaandika USHIRIKIANO, herufi kubwa kama tangazo la mnada. Eti kila mmoja atafute maneno madogo humo ndani, bila kuongeza herufi, alete karatasi Alhamisi. Mshindi atakuwa msimamizi wa chumba cha kushonea. Miaka kumi na tisa nakata vitambaa vya sare, sijaharibu hata kola moja — leo napimwa kwa chemshabongo! Na mafundi wakapiga makofi. Wapuuzi.

Jumanne, 10 Juni

Wamekunja nyuso kama darasa la pili. Fundi wa vifungo kapata "shirika", kaishia hapo, kajipongeza. Mpiga pasi kaandika "rafiki". F kaitoa wapi, kwao?

Nikajaribu, basi tu, nikinywa chai. Kisu. Shoka. Sukari. Shukrani. Harusi — iongeze KI mbele, kiharusi! Siri. Kosa. Haki. Shari. Uasi. Sitini na moja kabla chai haijapoa. Sipeleki. Sichezi michezo ya watoto ili nipewe nilichostahili zamani.

Wifi akachungulia begani. Mke wa kaka yangu huyu. Nyumba moja, kiwanda kimoja, sina pa kumkimbilia. "Wifi, una akili wewe!" Mtu anayeshona zipu kichwa chini ndiye anayenipa maksi. Nikafunga daftari.

Alhamisi, 12 Juni

Ukurasa wa maneno umechanwa! Daftari hili hili. Wifi kauchana kwa vidole — nyumba imejaa mikasi! Kanakili maneno yangu yote, kapeleka kwa jina lake.

Nimembana jikoni. Hata haya hana. Kaendelea kuosha vyombo.

"Si ulisema hupeleki? Ningeyaacha yaoze? Kaka yako mwezi wa tano huu hana kazi. Nafasi wewe huitaki, mimi naitaka."

Mwizi wa herufi! Nikamwambia haya, kawasimamie, utaumbuka mchana kweupe.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya Tai.

Hakuna nafasi ya msimamizi. Haikuwepo. Asubuhi kazigawa karatasi mafungu mawili. Wenye "shirika" na "shukrani" tupu, warudi kwenye mashine. Wenye "haki", "shari", "uasi" — anawaita mmoja mmoja. Fundi wa mifuko katoka analia, kaambiwa akusanye vitu vyake. Kwa "haki" moja! Mjinga gani huyu? Neno kaliandika yeye, herufi ni zake, halafu anashangaa yaliyomo!

Mimi sikupeleka kitu. Jina langu halimo popote.

Wifi yumo ndani sasa. Yeye anayo yote matatu. Sifichi — nilikuja hapa kusikiliza anavyoumbuka. Mlango mwembamba, kila neno linapita.

Tai anataka kujua nani kampa. Anasema fundi wa zipu hawezi kuyajua yote hayo. Amtaje huyo mtu, arudi kwenye mashine yake, yaishe.

Hataji mtu.

Yule! Asiyenyamaza hata akiwa na tonge mdomoni!

"Nimeyatafuta mwenyewe, bosi."

Tai kacheka. Kamuuliza, amesahau kwamba mumewe hana kazi? Kajuaje, sijui. Kampa dakika tano afikirie. Viatu vya Tai vinakwenda dirishani, vinarudi.

Mtaje basi, mpumbavu wewe. Sentensi moja tu. Uliniibia bila kupepesa jicho, kunitaja ndiko kunakushinda?

Mwandiko wangu umeharibika. Sijui kwa nini.

Hajanitaja. Dakika zimekwisha, Tai kavuta kiti. Anamwuliza tena, polepole sasa, kama mtu anayemsomea mtoto. Nimesimama. Nimekaa. Nimesimama tena —